Chupa ya Rasi ya Wafaransa

Ukutani mwa darasa letu la jiografia, tulipokuwa wafratri, palitundikwa ramani kubwa ya dunia. Chini kabisa, mbali na Afrika na mbali na Australia, katikati ya maji matupu, palikuwa na doa dogo lenye jina la Kifaransa: Kerguelen. Hakuna mwalimu aliyetueleza doa lile ni nini, wala sisi hatukuuliza. Baada ya miaka mingi tukasoma habari za safari za mabaharia wa kale, tukalikuta tena jina lile, na pamoja nalo habari ya chupa moja iliyofungwa kwa waya juu ya mwamba, ndani yake kipande cha ngozi chenye maneno ya Kilatini. Tumeona vema kuwaandikia wenzetu habari hiyo, kwa kuwa sisi mapadri na makatekista ni watu wa kuandika kila siku: majina, tarehe, mahali, mashahidi. Na habari ya chupa ile yote ni habari ya jina, tarehe na shahidi.

Kwanza mahali penyewe. Kisiwa kikubwa cha Kerguelen kiko kusini mashariki ya Madagaska, mwendo wa kilometa zaidi ya 3,000. Ukubwa wake ni kilometa za mraba zaidi ya 6,600, na visiwa vidogo vingi vimekizunguka. Mti haupo hata mmoja. Pana majani mafupi, pana mawe, pana barafu juu ya milima, na mlima ulio mrefu kuliko yote, Mont Ross, unafika metre 1,850. Upepo wa magharibi hauna siku ya kupumzika. Sili na penguini wamejaa pwani; watu hawakupata kuwa wenyeji wa nchi ile tangu kuumbwa kwake. Upande wa kaskazini kabisa kuna rasi, maana yake ncha ya nchi inayoingia majini kama pua inavyotoka usoni. Rasi hiyo iko karibu na digrii 48 na dakika 40 za kusini, nayo inalinda mlango wa bandari ndogo. Ramani za leo zinaiandika Cap Français, ndiyo Rasi ya Wafaransa.

Wafaransa walitafuta nini huko? Tangu Wayunani wa kale, wataalamu walifikiri kwamba upande wa kusini wa dunia lazima kuwe na bara kubwa, ili nchi za kaskazini zisiilemee dunia upande mmoja. Wachoraji wa ramani wakalichora bara hilo bila mtu yeyote kuliona, wengine hata na milima na mito yake. Katika karne ya 18 wafalme wa Ulaya wakaanza kushindana nani atalifikia wa kwanza. Mwaka 1771 mfalme Louis XV wa Ufaransa akamtuma afisa mmoja wa Bretagne, Yves-Joseph de Kerguelen de Trémarec, mtu wa miaka 37, hodari na mwenye haraka ya kupata sifa.

Mwezi wa Januari 1772 Kerguelen akaondoka kisiwa cha Ile de France, ambacho leo tunakiita Morisi, akiwa na merikebu mbili, Fortune na Gros-Ventre. Tarehe 12 Februari wakaona nchi katikati ya ukungu. Kesho yake mashua ya Gros-Ventre, chini ya afisa Boisguehenneuc, ikafika pwani. Watu wakashuka, wakatangaza kwamba nchi ni ya mfalme wao. Lakini Kerguelen mwenyewe alikuwa juu ya Fortune, upepo ukamsukuma mbali, naye hakukanyaga nchi. Tena hakumngoja mwenzake. Akageuza merikebu akarudi Ile de France, na toka huko mpaka Ulaya. Saint-Aloüarn, mkubwa wa Gros-Ventre, akabaki peke yake katika bahari ile mbaya. Akawapokea watu wake, akaendelea na safari mpaka pwani ya magharibi ya Australia kama walivyoagizwa, akarudi mgonjwa, akafa mwaka ule ule.

Kerguelen akafika mbele ya mfalme. Sasa tutazame vizuri alichosema, maana ndipo shida yote ilipoanzia. Alikuwa ameona nini? Vipande vya pwani kwa mbali, ukungu, na mawimbi. Lakini akasimulia habari ya France Australe, yaani Ufaransa ya kusini, nchi itakayofaa kwa mashamba, yenye tumaini la miti na madini, labda na watu wa namna mpya. Mfalme akafurahi, akampandisha cheo, akampa msalaba wa Mtakatifu Ludoviko. Hatuamini kwamba Kerguelen alikaa akatunga uongo kwa makusudi, neno kwa neno. Mtu aliyesafiri mbali sana kwa gharama kubwa ya mkubwa wake huona kwa urahisi kile ambacho mkubwa wake anatamani kusikia. Tumepata kusoma ripoti za namna hiyo hata katika mambo ya Kanisa: kituo kipya kinasifiwa kuwa na wakatekumeni wengi, na padri anayekwenda kukaa huko anawakuta wachache sana.

Mwaka 1773 akarudishwa tena kusini, safari hii na merikebu tatu, Roland, Oiseau na Dauphine, achukue nchi ile na kuipima. Ndani ya Roland alikuwa amemficha msichana mmoja, kinyume cha amri ya jeshi la bahari, na jambo hilo lilimharibia heshima kwa maafisa wake. Mwezi wa Desemba wakaiona nchi. Ndio wakati wa joto upande ule wa dunia, lakini joto la huko halitofautiani sana na baridi: theluji, mvua ya mawe, dhoruba juu ya dhoruba. Wanamaji wakaugua ugonjwa wa kukosa mboga mbichi, ule unaovimbisha ufizi na kung'oa meno. Mwisho, tarehe 6 Januari 1774, siku ya Epifania, afisa aitwaye Rochegude, wa merikebu Oiseau, akapata nafasi ya kuingiza mashua katika bandari ndogo iliyo nyuma ya rasi ya kaskazini. Akashuka, akaitwaa nchi kwa jina la mfalme, akaacha chupa. Bandari wakaiita Baie de l'Oiseau, kwa jina la merikebu. Rasi wakaiita Cap François.

Hapa tuseme neno kidogo juu ya tahajia, maana tumeona watu wakikosea. Msomaji wa leo akiona François hufikiri kwamba rasi ilipewa jina la Mtakatifu Fransisko au la mtu fulani. Sivyo. Katika maandiko ya Kifaransa ya zamani zile neno français liliandikwa françois. Waingereza wakalinakili vile walivyolikuta, wakaandika Cape François. Wafaransa wenyewe wakabadili tahajia yao, na rasi ikawa Cap Français. Jina ni lile lile, lakini mtu asiyejua historia ya herufi moja anaweza kuzua mtakatifu mzima.

Kerguelen, kwa mara ya pili, hakushuka. Katikati ya Januari akageuza merikebu zake kwenda Madagaska, wagonjwa wakiwa wengi. Aliporudi Ufaransa hapakuwa tena na msalaba. Mwaka 1775 baraza la kijeshi likamhukumu: akavuliwa cheo, akapewa kifungo cha miaka 20, nacho kikapunguzwa kuwa miaka 6, akawekwa katika ngome ya Saumur. Akatolewa mwaka 1778. Basi mtu ambaye kisiwa kile kinaitwa kwa jina lake hakuweka mguu wake juu yake hata dakika moja.

Tuwaache Wafaransa, twende kwa Mwingereza ambaye bila yeye chupa ile isingesikika popote. Kapteni James Cook alifika Cape Town mwishoni mwa mwaka 1772, akaambiwa kwamba Wafaransa wameona nchi kusini, katika digrii 48, sawasawa na mstari wa Ile de France. Mwezi wa Februari 1773 akapita bahari ile akiitafuta. Hakuona kitu. Ungefikiri kwamba Wafaransa wameota. Kumbe nchi ilikuwako, ila mahali pake paliambiwa vibaya: Ile de France iko karibu na digrii 57 na nusu za mashariki, na Kerguelen iko karibu na digrii 69. Kosa la digrii zaidi ya 11, ambazo kule kusini ni kilometa zaidi ya 800.

Msomaji anaweza kushangaa: namna gani watu wajuzi wakose hivyo? Jibu ni saa. Kujua umekwenda umbali gani kaskazini au kusini si kazi ngumu, kwani jua la adhuhuri na nyota zinakuonyesha. Lakini mashariki na magharibi ni jambo lingine. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja. Ukijua ni saa ngapi nyumbani ulikotoka, na ni saa ngapi pale ulipo kwa kutazama jua, tofauti ya saa hizo mbili ndiyo tofauti ya mahali. Kila dakika 4 ni digrii moja. Lazima basi saa ya nyumbani isikose, ingawa merikebu inayumba, ingawa joto na baridi vinabadilika, miezi na miezi. Fundi Harrison wa Uingereza alikuwa ametumia maisha yake karibu yote kutengeneza saa ya namna hiyo, na Cook alisafiri na nakala ya saa hiyo iliyotengenezwa na fundi Kendall.

Mwaka 1775, katika kurudi toka safari yake ya pili, Cook akakutana Cape Town na afisa mmoja Mfaransa, Crozet, mtu mwema na mjuzi. Huyo akampa habari iliyo bora na ramani. Mataifa yao mawili yalikuwa washindani wa zamani, lakini mabaharia hao wawili wakaelewana vizuri sana juu ya meza yenye ramani. Hivyo katika safari yake ya tatu, akiwa na merikebu Resolution na Discovery, Cook akaenda moja kwa moja. Tarehe 24 Desemba 1776, katika mkesha wa Noeli, akaona visiwa vidogo vya mbele, na kati yao mwamba mkubwa uliosimama majini kama kofia. Kerguelen aliwahi kuuita kisiwa cha Makutano. Cook akaandika kwa kicheko kwamba haoni ni nani angeweza kukutana pale isipokuwa ndege wa angani.

Siku yenyewe ya Noeli wakatia nanga katika bandari iliyo chini ya Rasi ya Wafaransa. Upande wa kusini wa mlango wake palikuwa na mwamba mkubwa uliotobolewa katikati kama daraja. Noeli ile haikuwa na Misa wala karamu. Mapipa yalikuwa yamepungua maji, ng'ombe na kondoo waliochukuliwa merikebuni walihitaji majani, na majani yalikuwa haba. Watu wakafanya kazi kutwa. Tarehe 27 ndipo Cook akawapa ruhusa ya kupumzika, nao wakatawanyika kuzunguka pwani. Jioni mmoja wao akarudi na chupa. Aliikuta upande wa kaskazini wa bandari, imefungwa kwa waya kwenye mwamba uliochomoza.

Ndani ya chupa mlikuwa na ngozi yenye Kilatini kifupi: jina la Louis XV, mfalme wa Wafaransa, jina la bwana de Boynes, waziri wake wa mambo ya bahari, na miaka miwili, 1772 na 1773. Zaidi ya hayo hapana. Fikirini mahali pale: nchi isiyo na mtu, wala njia, wala moshi, na mwamba unamjibu mwanamaji wa Yorkshire kwa lugha ya misale yetu. Kilatini kilichaguliwa kwa sababu yeyote atakayefika, Mfaransa au Mhispania au Mwingereza, aweze kusoma. Wanafunzi wanaonung'unika juu ya masomo ya Kilatini na waikumbuke chupa hii.

Cook akafikiri: ni nani aliyeiacha? Alikuwa anajua safari ya kwanza tu ya Kerguelen. Alijua kwamba Boisguehenneuc alishuka pwani mwezi wa Februari 1772. Akaandika basi katika daftari yake kwamba chupa iliachwa na huyo. Kisha akageuza ngozi, akaandika nyuma yake kwa Kilatini majina ya merikebu zake mbili, mfalme wa Uingereza, na mwezi wa Desemba 1776. Akairudisha chupani, akatia ndani na sarafu ndogo ya fedha ya mwaka 1772, akaziba mdomo kwa risasi. Asubuhi yake akaiweka ndani ya rundo la mawe walilolijenga juu ya kilima kidogo, karibu na mahali ilipokutwa. Akapandisha bendera ya nchi yake na kuita mahali pale Bandari ya Noeli.

Si wote waliopendezwa na bendera ile. Anderson, mganga wa Resolution, aliyekuwa mtu wa elimu nyingi, aliandika katika daftari yake kwamba tendo lile si la haki, tena ni la kuchekesha. Tunakubaliana naye. Kuandika nyuma ya barua ya mwingine ni adabu njema ya wasafiri: nimekuona umetangulia, nami nimepita. Kuinua bendera juu ya barua hiyo hiyo ni jambo jingine kabisa.

Lakini turudi kwenye wazo la Cook, maana hapo ndipo habari inapotufaa zaidi. Cook alikufa Hawaii mwezi wa Februari 1779. Kitabu cha safari yake ya tatu kikatolewa mwaka 1784, na aliyekitengeneza kwa uchapaji alikuwa Douglas, kanoniko wa Windsor katika Kanisa la Kianglikani, ambaye baadaye alikuwa askofu. Douglas hakuwa baharia. Hakupata kuona bandari ile wala mwamba ule. Alikuwa msomaji tu. Aliposoma mahali Cook anaposema kwamba chupa iliachwa na Boisguehenneuc, akasimama. Akauliza, katika maelezo chini ya ukurasa, swali ambalo mtoto wa shule angeweza kuuliza: namna gani mtu aliyeshuka mwanzoni mwa mwaka 1772 aache maandishi yanayotaja mwaka 1773?

Kati ya watu wote walioishika ngozi ile mikononi, hakuna aliyeona jambo hilo. Cook alikuwa mwangalifu kuliko mabaharia wote wa wakati wake, mtu wa kupima kina cha maji mara mbili. Ila alikuwa na jibu kichwani kabla hajaisoma ngozi, na mtu aliyekwisha kuwa na jibu hasomi tena tarehe. Douglas hakumlaumu. Alionyesha kwamba Cook alikosa kwa sababu hakupata habari, kwani hakuna aliyemwambia kwamba Kerguelen alirudi mara ya pili. Na Douglas alikuwa na kitu ambacho Cook hakuwa nacho: kitabu cha Kerguelen mwenyewe, kilichotoka Paris mwaka 1782, baada ya kifungo. Ndani yake mlikuwa na habari ya Rochegude, tarehe 6 Januari 1774, na chupa.

Tazameni basi: maandishi yanasema 1773, chupa iliwekwa 1774. Je, ngozi ilidanganya? Hapana. Iliandikwa kabla ya kushuka, kwa ajili ya safari zote mbili, ikangoja siku ya kufaa. Tarehe ya kuandika si tarehe ya kutenda. Padri yeyote aliyepokea parokia ya zamani anajua shida hiyo. Katekista wa kijiji cha mbali anawaandika watoto katika daftari yake. Padri anapita baada ya miezi sita, anabatiza. Karani wa misioni ananakili yote katika kitabu kikubwa mwisho wa mwaka. Miaka 20 baadaye kijana anataka kufunga ndoa, anakuta tarehe tatu, na kila moja iliandikwa na mtu mwaminifu. Mwenye haraka atachagua moja na kuzifuta nyingine. Heri azilinganishe, aulize kila moja ilikuwa tarehe ya jambo gani.

Na jina la kisiwa chenyewe? Hapa tunampa Cook heshima yake. Katika kitabu chake imeandikwa kwamba, kwa ukavu na utasa wa nchi ile, ingestahili kabisa kuitwa Kisiwa cha Ukiwa, lakini hakutaka kumnyang'anya Kerguelen heshima ya kukipa jina lake. Wanamaji wengi wakatumia jina la Ukiwa hata hivyo, hasa wawinda sili na nyangumi waliofuata. Ramani zikabaki na Kerguelen. Yule aliyehukumiwa kwa kusifu asichokiona alitunziwa jina lake na mgeni aliyekiona kweli. Wengine wanasema si haki, afadhali kingeitwa kwa jina la Boisguehenneuc au la Rochegude, waliolowa miguu. Sisi hatuna hakika. Aliyeona kwanza aliona kwanza, hata kama alieleza vibaya.

Tena kuna tofauti moja tusiyoweza kuiacha. Kule Kerguelen hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Mabaharia wale walisimama kama Adamu mbele ya viumbe visivyo na jina, nao walikuwa na ruhusa ya kutaja. Kwetu haikuwa hivyo. Mwaka 1858 Burton na Speke walisafiri kwa mitumbwi juu ya ziwa Tanganyika, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Mwaka 1876 Stanley akazunguka ziwa lote, akaona kwamba Ubwari ni nchi iliyoshikamana na bara, ghuba ikiwa nyuma yake. Naye akaiita ghuba hiyo jina la Burton. Basi aliyekosea akapewa ghuba kama zawadi ya kosa lake! Wabwari walikuwa wakikaa pale siku zote, na majina ya kila mlima na kila kijito yalikuwa vinywani mwao. Hatusemi ramani zile zichomwe. Zilipimwa kwa jasho na homa. Lakini mfratri anayekwenda likizo kijijini kwake, akiwa na daftari na kalamu, na awaulize wazee majina ya vilima na ya vivuko, na maana yake, na nani aliyeyatoa. Wazee hao hawaachi chupa juu ya mwamba.

Rasi ya Wafaransa ilipata wageni wengine baadaye. Mwaka 1840 James Clark Ross alikaa katika Bandari ya Noeli siku 68 na merikebu Erebus na Terror, akipima nguvu ya sumaku ya dunia. Katika siku hizo 45 zilikuwa za dhoruba. Pamoja naye alikuwa kijana Joseph Hooker, aliyekusanya mimea, pamoja na ile kabichi ya Kerguelen ambayo wanamaji waliila ili kupona ugonjwa wa ufizi.

Na mwaka 1874 akaja padri. Stephen Perry, Mjezuiti wa chuo cha Stonyhurst, alitumwa na serikali ya Uingereza kuongoza wataalamu waliokwenda Kerguelen kutazama sayari Zuhura ikipita mbele ya jua tarehe 9 Desemba, kesho ya sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa. Jambo hilo linatokea mara chache sana, na kwa njia yake waliweza kuhesabu umbali toka dunia mpaka jua. Lakini hesabu hiyo haifai kitu kama hujui hasa umesimama wapi. Kwa hiyo Padri Perry na wenzake, kati yao Mjezuiti mwingine, Padri Sidgreaves, wakakaa miezi kadhaa katika upepo ule wakiutazama mwezi usiku, kila mawingu yalipofunguka, wapate kuwa na hakika ya mahali. Zile digrii 11 zilizompoteza Cook mwaka 1773 zilikuwa zimekwisha kusahihishwa zamani. Padri Perry alikuwa akitafuta sehemu ndogo za digrii. Alikufa kazini mwaka 1889, mbele ya pwani ya Guyana ya Kifaransa, kwa ugonjwa wa kuhara damu, siku chache baada ya kutazama kupatwa kwa jua.

Mwaka 1893 serikali ya Ufaransa ikatuma merikebu Eure kupandisha bendera upya, kwa kuwa kwa miaka zaidi ya mia moja karibu ilikuwa imekisahau kisiwa chake. Leo wako wataalamu wachache wanaokaa upande wa mashariki, mahali paitwapo Port-aux-Français, wakibadilishana mwaka kwa mwaka, na wana kikanisa chao, Notre-Dame des Vents, cha Mama wa Mungu anayesimamia watu wa upepo. Upande wa kaskazini hakuna anayekaa. Ramani inaonyesha pale majina matatu karibu karibu: Cap Français, Baie de l'Oiseau, na Port-Christmas, la Wafaransa walioiona nchi, la merikebu iliyowafikisha pwani, na la Waingereza waliosoma barua yao. Ule mwamba uliotobolewa kama daraja ulianguka kati ya mwaka 1908 na 1913, bila mtu wa kuuona ukianguka. Zimebaki nguzo mbili, moja huku na moja kule, na merikebu zinazopita zinaitambua bandari kwa nguzo hizo.